Bi Sikudhani Anapungua Bila Kibali

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa, la hasha. Kulitaja jina lake hadharani kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ajili ya chakula cha mchana tangu mwaka juzi. Tuseme tu ni nchi nzuri, yenye amani, na kiongozi wake tunamwita Baba wa Shibe. Mimi ni fundi cherehani. Siasa siijui, najua sindano. Kwa hiyo lolote nitakalosema hapa, chukueni kwamba nimelisema kwa mapenzi.

Kwetu watu wameshiba. Sisemi watashiba, wala kwamba wako mbioni kushiba. Wameshiba. Lilitangazwa redioni, na jambo likishatangazwa redioni kwetu halina mjadala. Ndiyo maana shavu la raia linahesabiwa kuwa mali ya umma, na raia akilisinyaza ni sawa na amesimama sokoni akapiga kelele kwamba nchini kuna njaa. Sheria inaliita kosa hilo kashfa kwa njia ya mwili. Sisi mafundi tuliitwa semina, tukanyweshwa soda, tukaambiwa kwamba kuanzia sasa nguo huletwa kwa fundi ili ipanuliwe tu. Mteja akitaka gauni lipunguzwe kiuno, fundi akaripoti kwanza ofisi ya kata.

Basi nimekaa zangu kibarazani siku hiyo, jirani yangu Bi Sikudhani akaniletea gauni nilipunguze kiuno.

*

Mambo yalianza mbali kidogo. Bi Sikudhani ni mjane, mpishi wa maandazi, mwanamke wa kucheka kwa sauti na kukasirika kwa sauti. Ana mtoto mmoja tu, Kuruthumu, aliyeolewa juu kabisa ya Mlima Kitumbua, ule mlima wa mviringo unaouona ukikaa hapa kwangu. Kuruthumu alikwisha kupoteza mimba mbili. Ya tatu iliposhika, mkunga alimwambia alale, asinyanyue hata ndoo tupu, na asithubutu kushuka mlima mpaka ajifungue. Mama mkwe alishafariki. Mume ni mtu mwema, lakini ni wale wa kuunguza maji ya chai. Sasa siku ya uchungu atakuwepo nani? Nani atamkanda, atampikia uji wa pilipili manga, atamwogesha mtoto mpaka arobaini iishe? Kwetu kazi hiyo ni ya mama mzazi, na mama mzazi alikuwa chini ya mlima, ana mwili wa haja, na magoti yake yalikuwa yakigombana hata na kizingiti cha mlango.

Alijaribu njia za mkato, kama sisi sote. Alipanda bodaboda, kwenye mwinuko wa kwanza gurudumu la mbele likanyanyuka juu, wakarudi kinyumenyume mpaka sokoni. Vijana wanne wakajitolea kumbeba kwenye kiti. Walimtua kwenye kona ya kwanza, wakajilaza kando yake wanahema, yeye ndiye akawa anawapepea. Akasema basi, habebwi tena. Na hata angefikishwa huko juu, angemhudumiaje mzazi naye mwenyewe kusimama hawezi?

Akaenda zahanati. Daktari, binti mpole aliyetoka chuo juzi, aliyabonyeza yale magoti akasema hayana ugonjwa wowote, yamechoka kubeba tu. Akamshauri apungue, na asiwe na papara. Kisha akainuka haraka akafunga dirisha, maana ushauri huo ungemfukuzisha kazi.

Siku hiyo Bi Sikudhani alikunywa chai yenye nusu ya sukari aliyoizoea, akamnunia kila aliyepita mbele yake.

*

Nilimshuhudia kwa macho yangu, kwani njia ya mlimani inapita mbele ya cherehani yangu. Asubuhi ya kwanza alifika banda la mkaa. Banda lenyewe ukinyoosha shingo unaliona kutoka hapa. Alikaa juu ya gunia, akautukana mlima na ukoo wake, akarudi nyumbani. Kesho yake akaenda tena mpaka bandani. Alikaa na lile banda muda mrefu, mpaka muuza mkaa akadhani anatakwa uchumba. Halafu siku moja akalipita.

Baada ya banda kulikuwa na mgomba, ulioota peke yake kando ya njia. Hapo ndipo aliponiudhi. Kila siku anafika mgombani, kila siku anarudi, na mwili haupungui hata kidogo. Anakula kisahani kimoja, anawakaangia watu maandazi yeye hayaonji, na gauni linabana vilevile. Mimi ningekuwa nimeacha zamani. Nilimwambia hivyo, na akaniambia nishike sindano yangu.

Kisha ikaja harusi ya mpwa wake. Pilau lilipakuliwa kwenye masinia, na Bi Sikudhani akala. Alikula kama mtu aliyetoka safari. Akaongeza, akaomba ukoko. Nikasema moyoni, imekwisha, mwache apumzike. Asubuhi yake nikamwona anapita, macho yamevimba, kanga kaifunga kibwebwe. Nikamwuliza leo kulikoni, na jana amekula vile.

"Jana nimekula," akasema. "Leo natembea. Hayo ni mambo mawili, Fundi, usiyachanganye."

Akapita. Nilimheshimu siku ile, na kusema kweli nilimwonea wivu pia, maana mimi nikila pilau huwa nasamehewa na kila mtu mpaka mwisho wa mwezi.

*

Sasa kwetu mtu akipungua huambiwa pole. Haulizwi amefanyaje, huulizwa amepatwa na nini. Bi Sikudhani alipoanza kuonekana shingo, majirani walimmiminikia na sufuria mikononi. Mmoja alileta ndizi za nazi akamnong'oneza kwamba kuna dawa nzuri siku hizi, asikate tamaa. Mwingine alilia kabisa, akamsihi amsamehe waliyokoseana. Alijaribu kuwaeleza habari za magoti wakamwitikia ndiyo, ndiyo, huku wakimtazama kama wanamuaga.

Ndipo akaleta lile gauni. Nilifikiri sana. Kupunguza ni kosa, na mimi ni raia mwema. Lakini sheria haikusema neno juu ya kujaza. Nikachukua sufi ya mto wa zamani, nikaishonea ndani ya gauni, mbele kidogo na nyuma kwa ukarimu. Alipolivaa, alitoka nje akiwa yule yule wa zamani, na nchi ikabaki na heshima yake.

Tatizo likawa uso. Sufi haishonewi usoni. Ofisi ya kata ikapata habari, na akaja Mkaguzi wa Mashavu, kijana mwenye mkoba na vidole vya baridi. Kazi yake ni kukufinya shavu, kulivuta, kuliachia, na kusikiliza. Bi Sikudhani alimwona anatokea kona, akakimbilia mtungi akajaza maji mdomoni. Mkaguzi alifinya akaona shavu linamrudisha vizuri. Alimwuliza maswali mengi ya uzalendo, naye hakujibu hata moja, na Mkaguzi akaandika kwamba ana adabu. Bahati mbaya kuku akaruka ghafla, Bi Sikudhani akashtuka, na koti la serikali likalowa.

Adhabu ilikuwa ya kiungwana sana. Aliamriwa arudishe mwili wake ulivyokuwa, kwa gharama za serikali. Kila mchana lililetwa sinia: wali wa nazi, nyama, chapati zinazochuruzika samli, na halua ya kusindikizia. Akapewa na mgambo wa kusimamia ulaji, jina lake Mwarami, ili athibitishe kwamba sinia limekwisha.

Mgambo wetu hulipwa mshahara kwa njia ya ahadi. Mwarami alikuwa mwembamba kiasi kwamba sheria ingemhusu, isipokuwa wanaovaa sare hawakaguliwi. Siku ya kwanza alisimama kando ya sinia akitazama ukutani, na koo linapanda na kushuka. Bi Sikudhani naye mate yalimjaa. Aliniambia baadaye kwamba mlimani hakupata kuteseka kama alivyoteseka mbele ya zile chapati. Alizishika. Alizinusa. Mwishowe akalisukuma sinia upande wa pili, akamwambia mwanangu, kula, uliletwa hapa chakula kiliwe, haikusemwa kiliwe na nani. Basi Mwarami akawa anaripoti kila siku kwamba chakula kimeliwa chote, na hakusema uongo hata mara moja. Alinenepa vizuri. Bi Sikudhani akaupita mgomba.

*

Halafu Baba wa Shibe akakwama kwenye kiti.

Hii ni siri, kwa hiyo wote tunaijua. Alikuja mgeni wa heshima, mfalme wa nchi fulani, na Baba wa Shibe alitaka kuinuka ampe mkono. Kiti kikainuka naye. Wakaitwa madaktari kutoka ng'ambo, wakafunga milango, na walipoifungua sera ya nchi ilikuwa imegeuka. Jioni redio ilitangaza kwamba shibe ni adui wa maendeleo, na kwamba daima imekuwa hivyo. Wizara ya Shibe ikabadilishwa kuwa Wizara ya Wembamba. Waziri alibaki yule yule, Mheshimiwa Ndondole, kwa sababu ya uzoefu wake.

Wiki hiyo nilifanya kazi sijapata kuona. Waheshimiwa walijipanga kibarazani kwangu na suti zao mikononi. Nilidhani wanataka zipunguzwe. Kumbe wanataka zipanuliwe, ziwe pana mara mbili, ili wakizivaa zining'inie. Nilishona suruali ambazo ndani yake ungeweza kufuga mbuzi. Siku ya pili bunge zima liliingia ukumbini linapepea, na Mheshimiwa Ndondole, akiwa ameshika kiuno cha suruali kwa mkono mmoja, alilihutubia taifa. Alisema kwamba kazi ambayo mataifa mengine huifanya kwa miaka, kwa jasho na kujinyima, serikali yetu sikivu imeikamilisha kati ya Jumanne na Alhamisi. Alipongezwa sana.

Lakini ilitakiwa nchi ionyeshe mtu mmoja aliyepungua kweli, kwa ajili ya picha. Wakatafuta nchi nzima. Mkaguzi wa Mashavu, ambaye sasa alikuwa Mkaguzi wa Viuno, akamkumbuka mama wa maji.

Bi Sikudhani alitangazwa Raia wa Mfano. Waziri alikuja mwenyewe na kipaza sauti, akamtaka aueleze umma namna serikali ilivyompunguza. Bi Sikudhani akasema serikali ilimletea wali wa nazi. Kipaza sauti kikazimwa, kikawashwa tena, akaulizwa swali kwa namna nyingine. Akajibu kwamba alipungua polepole, basi, hana siri. Waziri alilipenda sana neno hilo. Pale pale akazindua Kampeni ya Taifa ya Polepole, akaagiza itekelezwe haraka, ikamilike kabla ya Ijumaa.

Kilele cha kampeni kingekuwa Baba wa Shibe mwenyewe kupanda Mlima Kitumbua kwa miguu, Raia wa Mfano akiwa pembeni yake. Kwa sababu ya maandalizi, mlima ukafungwa. Askari wakawekwa njiani, nyasi zikapakwa rangi ya kijani, mawe yakapakwa chokaa, na ndege wakafukuzwa kwa sababu za kiusalama. Raia hakuruhusiwa kukanyaga.

Hapo nilimwona Bi Sikudhani akilia. Alikuja kibarazani, akakaa juu ya vitambaa vya watu, akalia kama mtoto. Alikuwa amefika mpaka kwenye lile jiwe kubwa, ambapo mlima huanza kuwa mkali, na kutoka hapo huliona paa la Kuruthumu. Mimba ilikuwa imetimia. Siku yoyote.

"Fundi, nilikuwa nimebakiza kidogo," alisema. "Nimepigana na sukari, nimepigana na goti, sasa nashindwa na chokaa?"

Nilimpa chai isiyo na sukari. Kuanzia siku hiyo akawa anazunguka uani kwake asubuhi na jioni, anazunguka na kuzunguka, mpaka kuku wakahama.

*

Siku yenyewe ikafika. Watu wa Mlima Kitumbua hupeana habari kwa kuitana, nyumba ya juu humwita wa chini yake, naye humwita wa chini yake, mpaka habari inatua sokoni. Asubuhi hiyo habari ilitua mapema: Kuruthumu ameshikwa na uchungu.

Bi Sikudhani alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya askari. Wakamwambia kwa heshima kwamba leo hapandi mtu kabla ya Baba wa Shibe. Baba alitarajiwa asubuhi. Adhuhuri tukaambiwa yuko njiani. Alipofika jua lilikuwa limeanza kuinama, na Bi Sikudhani alikuwa amesimama muda wote huo kwenye vumbi, na magoti yalikuwa yamemtii. Mara kwa mara alinyanyua kichwa kusikiliza, lakini bendi ilikuwa inapiga.

Msafara ukaanza. Mbele yetu kulitandikwa zulia, na kila zulia lilipoishia kulikuwa na kiti, na kila penye kiti Baba wa Shibe aliketi. Sisi raia tulifuata nyuma. Mimi nilikuwepo na uzi na sindano, kwa ajili ya dharura za suruali. Kwenye banda la mkaa Baba aliuliza kama ndipo. Akaambiwa karibu. Kwenye mgomba aliketi, na hakuinuka.

Akamgeukia Bi Sikudhani. Nilikuwa karibu, nilisikia. Hakusema kwa ile sauti ya redioni. Alikuwa mtu tu, amelowa jasho, amechoka.

"Mama, bado mbali?"

"Bado, Baba. Lakini si neno. Unapumzika, halafu unaendelea. Mimi hapa mgombani nilikwama muda mrefu, nikadhani sitapita."

Baba wa Shibe aliutazama mlima. Wallahi nilimwona anautazama kama mtu anayetaka kujaribu. Akauweka mkono kwenye goti lake kubwa, akaegemea mbele. Lakini Mheshimiwa Ndondole alikuwa amekwisha kufika, kashika kiuno cha suruali, na akamwinamia sikioni.

"Baba hapumziki," alisema. "Baba amefika."

Ukaitwa upimaji. Mtaalamu mmoja alipima kwa darubini kuelekea chini, akathibitisha kwamba hapo tulipo ni juu sana. Mheshimiwa Ndondole akatangaza kwamba hapo mgombani ndipo kileleni, ikapandishwa bendera, tukapiga makofi. Amri ikatolewa kwamba hakuna mtu kuwa juu ya Baba wa Shibe, na kwamba nyumba zilizobaki huko juu, kwa wakati huu, hazipo.

Bi Sikudhani akainamia kanga yake, akaifunga upya kiunoni, akaanza kwenda. Waziri akamwuliza anakwenda wapi.

"Mwanangu yuko juu."

"Juu ya wapi, mama? Juu ni hapa."

"Basi yuko juu ya hapa," akasema. "Anayekuja sijui ni mume wangu au mke mwenzangu, lakini anakuja, na mimi sikujikondesha ili nije kusikiliza hotuba."

Akaupita mgomba. Askari waliruka kumfuata, wakasimama ghafla, kwani hatua moja zaidi nao wangekuwa juu ya Baba wa Shibe. Wakabaki wamejipanga kwenye mstari, wanamwita kutoka chini. Waziri akawaamuru. Wakamwomba awaamuru kwa maandishi. Na yeye anapanda tu, haongezi mwendo, hapunguzi, mguu huu na mguu huu, mpaka akalifikia lile jiwe. Pale alisimama. Aliinama akashika magoti kwa mikono miwili. Kisha akalizunguka jiwe, hatukumwona tena.

Waziri akaendelea na hotuba, maana ilikuwa imekwisha kuchapwa. Alieleza historia ya wembamba. Akaeleza mchango wa kila idara. Jua lilishuka, watu walisinzia wamesimama, Baba wa Shibe mwenyewe kidevu kilimwangukia kifuani, na mimi kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaomba hotuba isiishe, kwani kutoka jiweni mpaka kwa Kuruthumu ni pakali.

Ndipo tukasikia. Kilitoka huko juu ambako hakukuwa na kitu, kigelegele kimoja kirefu, na sauti ile mtaa mzima tunaijua. Kikakatika, kikaanza tena.

Waziri akanyamaza. Na wanawake wa kwetu mnawajua, kigelegele cha uzazi hawawezi kukisikia wakakiacha kianguke. Akaitikia mmoja aliyekuwa nyuma kabisa, akafuata wa pili, halafu wote, na mlima ukawaka. Baba wa Shibe aliamka, akatabasamu, akainua mkono kuwapungia. Tukampigia makofi. Wanawake waliendelea na vigelegele, wamempa mgongo, nyuso zao zote zimeelekea juu.